Kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima ukiwa na baridi yabisi au lupasi: mwongozo kamili

Maswali ninayoletewa kuhusu jambo hili yanafanana mno. Kijana ametibiwa baridi yabisi tangu akiwa darasa la pili. Siku moja anaambiwa amekua, anaandikiwa barua ya rufaa, na barua inaishia kabatini. Dawa zinaisha. Baada ya miezi kadhaa goti limejaa maji tena, au kwa mwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) mkojo umeanza kutoa povu, na safari hii anapanga foleni mapokezi kama mgonjwa mpya kabisa.

Wengi humlaumu kijana. Mimi nadhani hesabu ndiyo mbovu. Watu huhesabu kwamba uhamisho umekwisha siku barua ilipoandikwa, ilhali siku hiyo ndiyo kwanza unaanza kuwa na hatari. Uhamisho umekwisha kijana anapohudhuria kliniki mpya kwa mara ya pili, na katikati hapo dawa hazikukatika hata wiki moja. Hatua zote hapa chini zimepangwa kuelekea mahudhurio hayo ya pili.

Nimeandika nikimlenga kijana. Panapomhusu mzazi, nitamtaja mzazi.

## Unamhusu nani

Mwenye baridi yabisi ya watoto, yaani uvimbe wa viungo ulioanza kabla ya kutimiza miaka 16 na kudumu angalau wiki 6. Pia mwenye lupasi, au ugonjwa wa kuvimba misuli na ngozi.

Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, yule anayechomwa sindano za penisilini kila wiki 3 au 4, ana njia yake: anahamia kliniki ya moyo, na sindano hizo hazikomi kwa sababu tu amehama kliniki. Majina yanakaribiana, magonjwa ni mawili tofauti. Hakikisha kwanza wako ni upi, maana nimeona familia iliyokwenda kliniki isiyo yao kwa kuchanganya hayo tu.

## Mahitaji

Vikusanye kabla ya kuanza hatua ya kwanza. Vingine huchukua wiki kadhaa kupatikana.

- Muda: mwaka mmoja kwa uchache, miaka miwili ni bora.
- Daftari moja la kava gumu, la ugonjwa huu tu.
- Nakala za majibu: yale ya mwanzo ugonjwa ulipogunduliwa, ya mwaka wa mwisho, ya macho, picha za eksirei, na kwa mwenye lupasi majibu ya figo, hasa kama kinyama cha figo kiliwahi kuchukuliwa kupimwa.
- Kadi ya chanjo ya utotoni. Ikiwa imepotea, andika chanjo zote zinazokumbukwa na zilizotolewa shuleni.
- Cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha taifa ukifikisha 18.
- Kadi na namba za bima.
- Namba ya simu ya kijana mwenyewe iliyoandikwa kwenye faili. Hospitali ikimtafuta kijana wa miaka 19 kupitia simu ya baba iliyobadilishwa laini, haitampata.
- Jina na simu ya mtu mmoja wa kliniki ya watoto anayepokea simu. Mara nyingi ni muuguzi.

## Hatua ya 1: Jua tarehe yako ya kuondoka

Uliza leo: "Hapa mnamhudumia mtoto hadi umri gani?" Usikisie. Zipo hospitali ambazo upande wa watoto mwisho wake ni miaka 12 au 13, na zipo zinazomshika kijana hadi 18. Tofauti hiyo ndiyo inayowashtua watu.

Mapendekezo ya vyama vya Ulaya vya magonjwa haya, EULAR na PReS, yaliyochapishwa 2017, yanataka maandalizi yaanze mapema ujanani, au mara tu ugonjwa unapogunduliwa kama umemkuta mtu akiwa tayari kijana. Nakubaliana nayo. Hospitali yako ikiwa inamtoa mtoto akiwa na miaka 13, basi maandalizi yaanze akiwa na 11, na mzazi abaki na kazi kubwa kwa miaka kadhaa baada ya kuhama. Mtoto wa miaka 13 hageuki mtu mzima kwa sababu faili lake limevuka ukumbi.

Chagua wakati ugonjwa umetulia. Usibadilishe daktari, dawa na shule katika muhula mmoja. Kama unafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka, omba kliniki ikushike hadi umalize karatasi ya mwisho. Ombi hilo mara nyingi hukubaliwa, ila lazima liombwe.

Tarehe ikijulikana, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari na umwonyeshe muuguzi. Hapo umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Ueleze ugonjwa wako kwa kinywa chako

Kliniki ya watu wazima haina muda wa kumsubiri mama amalize maelezo. Wagonjwa ni wengi, daktari hakujui, na swali la kwanza ni lako: "Una shida gani?" Ukijibu "miguu inauma", utatibiwa miguu inayouma.

Jifunze kusema hivi, kwa maneno yako:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 18. Nina baridi yabisi ya watoto ya viungo vingi, ilianza nikiwa na miaka 9. Natumia methotreksati miligramu 15 kila Ijumaa. Viungo vimetulia tangu mwaka jana, ila taya la kulia linakaza asubuhi kwa kama nusu saa. Macho nilipimwa mwezi wa tatu."

Sekunde 20. Maelezo hayo yana jina la ugonjwa, umri ulipoanza, dawa na kipimo, hali ya sasa, na jambo ambalo daktari angelisahau.

Hilo la jina la ugonjwa usilipuuze. Daktari wa watu wazima amezoea baridi yabisi ya watu wazima, na huenda akaandika hiyo kwenye faili. Kwa baadhi ya vijana si kosa kubwa: aina ya viungo vingi yenye kipimo cha damu kiitwacho RF chanya ni ugonjwa uleule wanaoupata watu wazima. Lakini aina ya viungo vichache, hasa yenye kipimo kingine cha damu, ANA, chanya, haina pacha wake ukubwani, na ndiyo inayoandamana na uvimbe wa ndani ya jicho. Uvimbe huo hauumi wala jicho haliwi jekundu. Jina likibadilika kwenye faili, kipimo cha macho hufutika nalo, na kijana huja kugundua wakati uoni umeshapungua. Kwa hiyo sema "ya watoto", na usione haya kumrudia daktari akikosea.

Umeiva ukiweza kumweleza mtu asiye daktari, tuseme mjomba au matroni wa bweni, naye akakuelewa bila mama kuingilia.

## Hatua ya 3: Dawa zihamie mikononi mwako

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mzazi, kabidhi dawa kwa awamu. Kwanza kijana anazitoa mwenyewe kwenye pakiti, mzazi anatazama. Kisha kijana anameza peke yake, mzazi anahesabu zilizobaki mwisho wa wiki. Mwisho kijana ndiye anayekwenda dirisha la dawa, anayejua zinaisha lini, na mzazi anauliza mara moja kwa mwezi tu. Kila awamu ipe miezi 3. Ikivurugika, rudini awamu moja nyuma bila kugombana.

Andika majina ya dawa kama yalivyo kwenye pakiti, herufi kwa herufi. "Kile kidonge cha njano" hakimsaidii mfamasia.

Methotreksati. Ni dawa ya kushusha kinga, ya mara moja kwa wiki, kidonge au sindano. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua, na kosa hilo hutokea zaidi mtu anapobadilisha kliniki, pale mwandishi wa cheti anapoandika kwa mazoea ya dawa nyingine. Chagua siku yako na uiandike juu ya pakiti kwa kalamu ya wino mzito: IJUMAA TU.

Hesabu miligramu, usihesabu vidonge. Vipo vidonge vya miligramu 2.5 na vipo vya miligramu 10. Mwenye dozi ya miligramu 15 humeza 6 vya 2.5. Duka jipya likimpa vya 10 naye akameza 6 kama alivyozoea, amemeza miligramu 60, mara nne ya dozi yake. Kabla ya kuondoka dirishani, geuza pakiti na usome namba.

Ukisahau siku yako, waweza kumeza ndani ya siku 2 zinazofuata. Zikipita, ruka, subiri wiki ijayo, na usiongeze dozi kufidia. Asidi ya foliki unayopewa pamoja nayo si vitamini ya hiari: ndiyo inayopunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo.

Sasa onyo ambalo kwetu ni la lazima. Septrin, ile antibiotiki, na methotreksati havikai pamoja. Pamoja vinaweza kuangusha chembe za damu kwa kiwango cha hatari. Septrin inapatikana kila kona, na mtu akienda duka la dawa na kikohozi au mkojo unaochoma anaweza kupewa bila kuulizwa chochote. Kila unaponunua dawa, anza kwa kusema: "Natumia methotreksati."

Prednisoloni. Ni dawa ya steroidi. Kama umeitumia zaidi ya wiki 3, usiiache ghafla hata kama uso umejaa na wenzako wanakutania. Mwili umepunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukikata mara moja unaweza kuanguka kwa shinikizo la damu kushuka. Ukitapika ukashindwa kuzuia vidonge tumboni, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kama unavificha chini ya godoro kwa sababu ya uso, mwambie daktari hivyo hivyo. Atapanga namna ya kupunguza. Kinachomkwamisha ni kutojua, kwa kuwa anaona ugonjwa umepanda na yeye anaongeza dawa ambayo wewe humezi.

Haidroksiklorokwini. Kipimo chake hufuata uzito, kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Ulipoanza ulikuwa na kilo 30, sasa una 52: uliza kama kipimo kimerekebishwa. Macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5 ya kuitumia, na mapema zaidi kwa mwenye shida ya figo. Watu huniambia kwamba kwa kuwa ni ndugu wa klorokwini basi wamekingwa malaria. Hapana. Vimelea vya malaria vya Afrika Mashariki vilishaizoea. Lala ndani ya chandarua.

Homa. Ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, joto la 38 na kuendelea halisubiriwi hadi kesho. Nenda siku hiyo, taja dawa zako, na methotreksati ya wiki hiyo isubiri hadi daktari aseme.

Chanjo. Zenye vimelea hai hazitolewi hovyo kwa mtu aliyeshushwa kinga. Inayowakuta vijana wetu zaidi ni ya homa ya manjano, pale wanapotafuta kadi ya kusafiria. Zungumza na daktari wa viungo kabla hujanyoosha mkono. Chanjo ya HPV haina kimelea hai, unaweza kuipata, na kwa mwenye kinga iliyoshuka inashauriwa dozi 3 ikiwezekana.

Anayesoma bweni ana kazi moja zaidi. Dawa zikae kwa matroni au kwa nesi wa shule zikiwa na karatasi ya kipimo na siku, na kijana awe na nakala yake. Shule hupokea amri ya "kila siku" kwa urahisi kuliko "kila Ijumaa", basi karatasi iseme wazi.

Kipimo cha kufaulu: miezi 3 mfululizo dawa hazikuisha, na hakuna aliyekukumbusha.

## Hatua ya 4: Ingia chumbani peke yako

Kuanzia miaka 13 au 14, omba sehemu ya mwisho ya kila kliniki uwe peke yako na daktari. Dakika 5 zinatosha kuanzia.

Mzazi, najua hili linauma. Umelala sakafuni wodini na mtoto huyu, halafu unaambiwa utoke nje. Namna nzuri niliyoisikia kutoka kwa daktari ni hii: "Mama, wewe umeshanieleza, asante. Sasa naomba nimzoeshe mwanao kunieleza mwenyewe. Nitakuita." Ukisikia maneno ya aina hiyo, chukua mkoba wako, nenda kakae kwenye benchi. Kliniki ya watu wazima haitakuuliza kwa upole hivyo.

Yanayozungumzwa humo ndani ni yale kijana asiyoweza kuyasema mbele yako, na baadhi yanaamua dawa:

Methotreksati na maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, huharibu mimba. Methotreksati huachwa mwezi 1 hadi 3 kabla ya kutafuta mtoto, maikofenoleti angalau wiki 6, na daima kwa mpango wa daktari. Msichana anayezitumia anahitaji kujua hilo kabla hajawa na mchumba. Akikosa hedhi, anakwenda hospitali mara moja, hajifichi.

Kwa mwenye lupasi, njia ya uzazi wa mpango si yoyote tu. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havifai kwa aliye na antibodi zinazogandisha damu, wala ugonjwa ukiwa umewaka. Kipandikizi au kitanzi kwa kawaida ni salama zaidi. Muuguzi wa uzazi wa mpango huenda hajui kuwa una lupasi usipomwambia.

Upande wa pili wa habari hiyo nao usemwe. Wanawake wengi wenye magonjwa haya huzaa. Haidroksiklorokwini huendelea kutumika katika ujauzito, na kuiacha kwa hofu ndiko huleta madhara. Nimesikia wasichana walioambiwa na shangazi kwamba hawataolewa kamwe. Waulize madaktari, shangazi apumzike.

Pombe pia: pamoja na methotreksati huchosha ini. Mwambie daktari unachokunywa kweli, si unachopaswa kunywa.

Huzuni ya muda mrefu na kukosa usingizi vimo katika orodha hiyohiyo. Usiviache kwa kudhani daktari wa viungo hahusiki.

## Hatua ya 5: Tafuta atakayekupokea, kabla hujaaga

Mabingwa wa baridi yabisi Afrika Mashariki ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Wa watoto wanahesabika kwa vidole. Usipange maisha yako yote juu ya mtu aliye kilomita 600.

Mpango unaofanya kazi ni wa tabaka mbili. Karibu na nyumbani, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti, anayekuona kila miezi 2 au 3, anayeagiza vipimo vya damu na kuandika dawa. Mbali, bingwa wa baridi yabisi unayemwona mara moja au mbili kwa mwaka, na pale ugonjwa unapowaka. Hao wawili wapeane namba za simu. Mwenye lupasi iliyogusa figo ajumlishe kliniki ya figo, na mwenye historia ya macho asiache kliniki ya macho.

Piga simu, au afadhali nenda mwenyewe, uulize:

1. Kliniki ni siku gani, na watu hufika saa ngapi? Pengine ni kila Jumatano na foleni huanza saa 12 asubuhi. Ukifika saa 4 umepoteza nauli.
2. Barua ya rufaa ielekezwe kwa nani?
3. Dawa zangu zipo kwenye duka la hospitali, au hununuliwa nje?
4. Vipimo vya damu, ini, figo na mkojo hufanyika siku hiyohiyo?
5. Bima yangu inapokelewa?

Kama unajua utakwenda chuo mji mwingine, tafuta kliniki ya mji wa chuo. Watu wengi huhamishiwa hospitali ya nyumbani Agosti, na Oktoba wako mkoa mwingine bila daktari.

## Hatua ya 6: Pata muhtasari wa ukurasa mmoja

Faili nene halisomwi. Daktari mpya ana dakika chache. Omba daktari wa watoto aandike ukurasa mmoja, na ukiona ana kazi nyingi, mwandalie rasimu yeye asahihishe na kutia saini. Wengi hushukuru. Uwe na mambo haya (hapa nimejaza mfano):

- Ugonjwa: baridi yabisi ya watoto, viungo vingi. Ulianza akiwa na miaka 9. RF hasi, ANA chanya.
- Viungo vilivyoathirika: magoti yote mawili, vifundo vya mikono, taya la kulia.
- Macho: hayajawahi kuvimba. Yapimwe tena baada ya miezi 6.
- Dawa za sasa: methotreksati mg 15 kila Ijumaa, asidi ya foliki mg 5 kila Jumapili.
- Dawa zilizoachwa na sababu: sulfasalazini, ilileta vipele mwili mzima. Prednisoloni, ilipunguzwa hadi kuachwa ugonjwa ulipotulia.
- Sindano za ndani ya kiungo: goti la kushoto, mara 2.
- Vipimo vya mwisho na tarehe: damu, ini, figo, mkojo, shinikizo la damu.
- Kifua kikuu: amepimwa, majibu.
- Chanjo.
- Yaliyobaki: daktari wa meno na taya hajamwona bado.
- Simu ya daktari wa watoto.

Mstari wa thamani kuliko yote ni ule wa dawa zilizoachwa na sababu. Usipokuwepo, daktari mpya atakurudishia ileile iliyokutoa vipele, kwa nia njema kabisa.

Tengeneza nakala 3: moja ya kliniki mpya, moja kwenye daftari, moja kwa mzazi. Piga picha ukurasa huo uwe kwenye simu, na ujitumie WhatsApp ili ukipoteza simu usipoteze ukurasa.

## Hatua ya 7: Bima, kabla ya miaka 18

Fanya hili miezi 6 kabla ya siku ya kuzaliwa. Kadi hufungwa kimya kimya, na utagundua ukiwa dirishani.

Kenya, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ukifikisha 18, tafuta kitambulisho mapema, kisha uulize kama unabaki tegemezi wa mzazi au unajisajili mwenyewe. Jibu hutegemea kama bado unasoma na kama una kipato, kwa hiyo beba barua ya shule au chuo.

Tanzania, Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ni ya walio chini ya miaka 18. Anayeingia chuo aulize bima ya wanafunzi siku ya usajili, asingoje augue. Asiyesoma na asiye na ajira ndiye aliye hatarini zaidi: aanze kutafuta mpango mapema, na aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuuliza utaratibu wa msamaha kwa wagonjwa wa muda mrefu.

Hakikisha jina kwenye kitambulisho, bima na faili ni lilelile, kwa tahajia ileile. Herufi moja ikipishana, dawa zinarudi kabatini.

## Hatua ya 8: Siku ya kukabidhiana

Usiage kliniki ya watoto bila vitu vinne mkononi: tarehe ya miadi mpya, muhtasari, barua ya rufaa, na dawa zitakazokufikisha miadi hiyo pamoja na akiba ya mwezi mmoja. Miadi ya kwanza isizidi miezi 3 tangu mahudhurio ya mwisho.

Omba pia kliniki ya watoto isifunge faili lako hadi wasikie umepokelewa. Hapo ndipo yule muuguzi wa kwenye orodha ya mahitaji anapohitajika: mwahidi kumpigia ukishaonwa, naye akupigie usipompigia.

Siku ya miadi ya kwanza, mzazi anaweza kukusindikiza na akaingia mwishoni. Wewe ndiye unayeongea. Utakuta mambo ambayo hukuyazoea: daktari anaangalia saa, haulizi habari za shule, pembeni yako kuna wazee wenye vidole vilivyopinda. Vijana huniambia hilo la mwisho ndilo lililowafukuza. Wengi wa wazee hao waliugua miaka mingi bila dawa unazotumia wewe. Kaa nao, wana maarifa ya foleni kuliko mtu yeyote.

Usiondoke kabla hujajua mambo matatu: tarehe ya kurudi, vipimo vya kufanya kabla ya kurudi, na namba ya kupiga viungo vikiwaka kabla ya tarehe hiyo.

## Hatua ya 9: Mahudhurio ya pili

Weka kengele kwenye simu wiki 2 kabla, ili upime damu na majibu yawe tayari. Mzazi anaruhusiwa kuuliza, "Kliniki ni lini?" Haruhusiwi kwenda kuchukua dawa kwa niaba ya kijana mzima wa miguu anayeishi naye.

Ukitoka humo na dawa, tarehe ya tatu na faili lenye jina la ugonjwa wako lililoandikwa sawasawa, mpigie muuguzi wa watoto afunge faili la zamani.

## Ikiharibika

Umekosa miadi. Nenda siku ya kliniki inayofuata, usingoje upewe tarehe mpya kwa simu. Beba muhtasari. Hakuna haja ya kutunga msiba.

Dawa zimekatika zaidi ya mwezi. Usianze tena mwenyewe kwa kipimo cha zamani. Pima damu na mkojo kwanza. Kama ulikuwa kwenye prednisoloni na unahisi kizunguzungu, kutapika na udhaifu mkubwa, hiyo ni dharura.

Daktari mpya amebadilisha dawa zote. Muulize sababu kwa heshima, umwonyeshe mstari wa dawa zilizoachwa, na umwombe azungumze na daktari wa watoto. Namba iko chini ya ukurasa.

Unajisikia mzima na unataka kuacha. Kutulia huko mara nyingi ni kazi ya dawa. Wapo wanaofika mahali pa kupunguziwa, hasa wenye aina ya viungo vichache, lakini hupunguzwa polepole huku viungo na macho vikiangaliwa. Mwenye lupasi asijaribu kabisa peke yake, kwa sababu figo huanza kuumia kabla hujasikia chochote. Mwulize daktari miadi ijayo: "Nifikie wapi ndipo tufikirie kupunguza?"

Kliniki mpya haina dawa yako. Mpigie bingwa wa mbali siku hiyohiyo kabla akiba ya mwezi haijaanza kuliwa. Wiki nne hizo ziliwekwa kwa ajili hii.